Orson Welles, mtu wa teatre aliyependa kutisha watu

Usiku wa tarehe 30 mwezi wa kumi 1938, siku ya Jumapili, redio CBS ya Marekani ilikuwa inapiga muziki wa dansi. Mara muziki ukakatwa: habari ya haraka. Kitu kimeanguka kutoka angani kwenye shamba la Grover's Mill, jimbo la New Jersey. Muziki ukarudi, ukakatwa tena. Mwandishi wa habari aliyeko shambani akaanza kueleza viumbe vinavyotoka shimoni na kuchoma watu. Katikati ya neno, sauti yake ikazimika. Kimya.

Hakuna kilichoanguka. Ulikuwa mchezo, uliotolewa katika kitabu cha Mwingereza H. G. Wells. Aliyeuongoza ni Orson Welles, kijana wa miaka 23.

Tangu utoto Welles alipenda kiinimacho. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka tisa, baba akamfuata miaka sita baadaye. Akiwa na miaka 16 alikuwa tayari jukwaani katika Gate Theatre ya Dublin. Mwaka 1936 alipanga Macbeth ya Shakespeare huko Harlem, waigizaji wote Weusi, hadithi yenyewe ikahamishwa Haiti, ngoma na wachawi ndani. Mchezo wa kwanza wa kundi lake redioni, mwaka 1938, ulikuwa Dracula, mfu anayenyonya damu.

Lakini anayelipa kiingilio kuona kiinimacho anajua atadanganywa. Hilo ndilo alilolipia. Redio haina mlango. Aliyeifungua kwa kuchelewa usiku ule hakusikia tangazo la mwanzo kwamba ni mchezo. Tena mwezi uliotangulia, redio ilikuwa inakata vipindi vyake kila mara kutoa habari za vita iliyonusurika kulipuka Ulaya. Watu waliogopa, wakapigia polisi simu. Magazeti yaliongeza chumvi nyingi, ila hofu ilikuwepo. Aliyewahi kubeba mtoto na matela usiku kwa sababu ya neno moja lililosikika, huyo hahitaji kuelezwa.

Kesho yake Welles alisimama mbele ya waandishi wa habari, ndevu hazijanyolewa, akiomba msamaha. Huko Quito, Ecuador, redio moja ilirudia mchezo huo mwaka 1949. Wasikilizaji walipojua wamedanganywa, wakachoma jengo, na watu wakafa.

Wiki moja tu baada ya usiku ule, Welles alitoa redioni Heart of Darkness ya Joseph Conrad, yule baharia aliyepanda mto Congo kwa meli mwaka 1890. Alitaka pia iwe filamu yake ya kwanza. Kampuni ikaona ni ghali, ikaachwa.

Mwaka 1943, wakati wa vita, alisimamisha hema Hollywood akaonyesha kiinimacho. Wanajeshi waliingia bure. Aliyekatwa vipande viwili kwa msumeno alikuwa Marlene Dietrich, nyota wa sinema, naye aliinuka mzima.

Filamu yake F for Fake ya mwaka 1973 inaanzia kwenye kituo cha treni. Welles, mnene sasa, kofia nyeusi kichwani, anachukua ufunguo wa mtoto mdogo na kuugeuza sarafu. Mtoto anatafuta ufunguo wake. Anaambiwa aangalie mfukoni mwake mwenyewe.