Mwili Umetoka Kazini, Roho Bado Imebaki



Tukikutana kwenye maharusi, mashoga wengi hutuuliza tulipataje ujasiri wa kuacha kazi ya kampuni kubwa. Tunaulizwa habari za kuondoka tu. Habari za kuanza upya haziulizwi, na kwetu sisi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu zaidi.

Tulikaa miaka minne katika ofisi moja hapa mjini. Mshahara ulikuwa mzuri na jina la ofisi lilitupa heshima mtaani. Ndani yake mambo yalikuwa mengine. Tulifokewa mbele ya wenzetu. Tukienda kusali Adhuhuri tulihesabiwa dakika. Kundi la WhatsApp la kazini lilikuwa halilali, na asiyejibu saa 5 usiku aliulizwa asubuhi kama bado anaitaka kazi. Mmoja wetu alipoolewa, siku ya tatu ya fungate alipigiwa simu atume ripoti. Alikaa na kompyuta kitandani, hina bado mbichi mikononi, mume anamtazama.

Sasa tuko ofisi ndogo yenye watu tisa. Mkuu wetu ni mama mtu mzima, mpole, msema kweli. Saa 10 jioni anafunga mlango na kila mtu anakwenda kwao. Tulidhani wiki ya kwanza tu tutapumua, lakini haikuwa hivyo.

Simu ikilia, tumbo linavurugika. Akituita ofisini kwake, tunaingia na daftari lenye kila kitu tulichofanya wiki nzima ili tujitetee, kumbe anataka kujua kama tumeshakula. Tunaomba radhi hata pasipo kosa. Tunaomba ruhusa kwenda kusali wakati wenzetu wanainuka tu, wanatia udhu na kusali. Siku aliyotusifu mbele ya watu hatukulala vizuri, kila mmoja akijiuliza anatutakia nini huyu. Wema wake tuliuona kama chambo.

Na balaa lilifika mpaka nyumbani. Mume aliuliza chumvi iko wapi, akajibiwa kama aliyeshitaki. Aliuliza mbona umechelewa, akapewa maelezo marefu ya saa na dakika. Alivumilia miezi, kisha usiku mmoja akasema taratibu: "Mke wangu, mimi si bosi wako." Maneno hayo yalituliza sote wawili tulipohadithiana, kwa sababu tulijua ni ya kweli. Ofisi tuliyoiacha ilikuwa bado inakaa nasi mezani.

Kilichotusaidia kwanza ni kufikiria eda. Mwanamke aliyeachwa, kama anapata hedhi, hukaa twahara tatu. Aliyefiwa na mume hukaa miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba eda yake huisha anapojifungua. Hikima zake ni nyingi na wanazuoni wetu wamezieleza. Kazi si ndoa, wala hatutaki kuchanganya hukumu. Lakini tulijiambia: ikiwa Mola wetu hakumtaka mwanamke atoke nyumba moja leo na kuingia nyingine kesho, basi na sisi tusijilaumu kwa kuhitaji muda.

Pili, tulianza kuulizana. Mmoja akiona moyo unamwenda mbio, mwenzake anamwuliza: "Hofu hii ni ya kule au ya hapa?" Mara nyingi ilikuwa ya kule.

Tatu, tulimwuliza mkuu wetu waziwazi: "Ukituma ujumbe usiku, unataka jibu lini?" Alishangaa, akasema asubuhi. Tangu siku hiyo, akituma kitu usiku huandika mwisho: si haraka. Swali moja lilituondolea usingizi wa mang'amung'amu.

Nne, tulijifunza kwamba mahali pazuri si mahali pasipo kusahihishwa. Siku moja hakupenda tulivyopanga bajeti. Alifunga mlango, akatuonesha sehemu tatu za kubadilisha, akasema kesho asubuhi inatosha. Hakupandisha sauti. Mmoja wetu alikwenda kulia chooni, na si kwa kuumia.

Kipimo cha uongozi mwema tunacho katika dini yetu. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi, na amesimulia kwamba katika muda wote huo hakuguniwa hata mara moja. Bi Khadija (R.A.) naye alikuwa tajiri mwenye watu wanaomfanyia biashara hadi Sham, na aliuthamini uaminifu wa aliyemfanyia kazi. Basi anayekwambia kuwa ukali na matusi ndiyo uongozi, hakuyatoa huko.

Kwa mliomo bado ndani, msiambiwe kwamba hayo ni ya kuvumilia tu. Zanzibar ipo Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Shirika la Kazi Duniani nalo lilipitisha Mkataba Namba 190 mwaka 2019, unaohesabu hata madhara ya kisaikolojia kuwa sehemu ya ukatili na unyanyasaji kazini. Someni mikataba yenu, andikeni tarehe na maneno, na mwambieni mtu mnayemwamini.

Na nyinyi mabiharusi wetu: somo atakufundisheni mengi ya chumbani na jikoni. La ofisini pengine hatalisema, basi tunalisema sisi. Mwambie mume mapema yaliyokupata huko ulikotoka, ili siku ukishituka kwa neno dogo ajue halimhusu yeye. Asiyejua atadhani humpendi.

Mwezi wa sita katika kazi mpya, simu ya mkuu wetu iliita tukiwa Forodhani tunakunywa urojo. Tulitazamana, tukaimaliza bakuli kwanza, kisha tukampigia. Alikuwa anataka kujua tutakuja na nini kwenye futari ya ofisi.

Mwenyezi Mungu atupe riziki za halali zisizotuvunja nyoyo, na awatoe kwa salama waliomo kwenye dhiki. Amin.