Gobore la Babu na Pori la Urambo

Babu yangu mzaa baba hakuwahi kuwa na bunduki nyingine. Gobore lake lilijazwa kwa mdomoni, mtutu wake ukiwa laini ndani, bila mfereji wowote wa kuizungusha risasi, na likishalia mara moja halikuwa na kazi tena mpaka lijazwe upya. Nimeziona bunduki nyingi tangu hapo, mikononi mwa askari na mikononi mwa watalii. Hakuna iliyonifundisha kitu nusu ya kile nilichojifunza kwa gobore lile likizo ya Juni niliyopelekwa Urambo, mwishoni mwa miaka ya 1970.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusafiri peke yangu na baba mdogo, na mara ya kwanza kuvuka Dodoma. Tulipanda treni ya Kigoma pale Dar es Salaam, daraja la tatu, tukakaa juu ya mizigo yetu mpaka Morogoro, ambako abiria wengine walishuka tukapata viti. Saranda tulinunua kuku wa kuchoma dirishani. Baada ya Manyoni nchi ikabadilika: vichaka vya Itigi vilisongamana pande zote mbili za reli hata jicho halikupata pa kupenya. Baba mdogo alikuwa mwalimu, na safari nzima alifundisha. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912, alisema, na kabla yake njia ilikuwa ya miguu. Richard Burton aliondoka pwani mwezi Juni 1857, akaingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi waliishuka na kuipanda njia hiyo maisha yao yote, wakishuka na pembe za ndovu na kupanda na nguo, shanga, baruti na magobore.

"Hilo la babu yako lilipanda hivyohivyo," akaniambia, "begani mwa mtu."

Sikuwa na habari kwamba babu ana bunduki. Kuanzia hapo sikuuliza kitu kingine.

Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, nilisoma sana kutaka kujua ilikuwaje mzee wa Urambo awinde kwa silaha ambayo majeshi ya Ulaya yaliiacha miaka mia moja nyuma. Sehemu ya jibu ni biashara. Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi hayo yalihamia bunduki zinazojazwa kwa nyuma, na zile za zamani zikauzwa kwa bei ya kutupa. Nyingi zilipitia Unguja zikaingia bara. Mtemi Mirambo, ambaye Urambo imebeba jina lake, alijenga dola yake kwa vijana wa ruga-ruga wenye silaha hizo, na mwaka 1871 akawashinda Waarabu wa Tabora vitani, Henry Morton Stanley akiwa upande wa walioshindwa. Sehemu ya pili ni sheria. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida, chini ya usimamizi. Walioandika walijua wanachokifanya. Mwafrika angeruhusiwa kuwinda nguruwe shambani kwake, ila asingeruhusiwa silaha ya kumfikia askari wa kikoloni kwa mbali. Ninaposikia watu wakilicheka gobore kuwa ni silaha ya mshamba, huwa nakumbuka kwamba ushamba huo ulipangwa mezani na watu waliovaa suti.

Tabora tulifika usiku. Mabehewa ya Mwanza yalikatwa, yetu yakangoja, na akina mama walipita wakiuza asali kwenye chupa. Kwa kuwa tulikuwa tunangoja, baba mdogo alinihadithia habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani mpaka Januari 1893. Boma lake la Kwikuru lilipovunjwa, aliingia katika ghala lake la baruti akaliwasha. Nilikuwa nimeizoea baruti kuwa kitu cha fataki za sikukuu. Usiku ule nilielewa kwamba baruti ni kitu cha kufikiriwa kabla ya kuguswa, na nashukuru nililielewa hilo kabla sijafika kwa babu.

Alitupokea mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, mzee mwenzangu," na kuanzia siku hiyo hakuniita kwa jina langu. Gobore lilikuwa ukutani juu ya kitanda chake, refu kunizidi, na kibali chake cha kulimiliki kilikuwa kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni na kuning'inizwa kwenye msumari uleule. Kwenye bamba la mtambo kulikuwa na alama ya taji iliyokaribia kufutika. Lilizaliwa likiwa la gumegume. Fundi mmoja, zamani sana, aliondoa taya za kubana jiwe akaweka nyundo na kifa cha kuvalisha fataki. Kitako kilikwisha badilishwa kikawa cha mninga. Kwa hiyo lilikuwa bunduki ya Kiingereza kwa chuma tu. Mengine yote yalikuwa kazi ya mafundi wa Unyamwezi.

Tulikwenda kambi ya asali, mwendo wa mchana kutwa ndani ya miombo. Juni na Julai asubuhi za huko ni za baridi kali, nyasi zimekauka, na mbung'o huanza kazi jua likishapanda. Mizinga ya magome ilikuwa juu ya miti ya mtundu, na wazee wenzake babu walikuwa wametangulia kurina. Gobore lilikuja kwa ajili ya kitoweo. Babu alilibeba yeye; mimi nilibeba pembe ya baruti, na alinikataza kuukaribia moto nikiwa nayo. Nililala mbali na wenzangu kwa sababu hiyo, nikiwa na fahari isiyosemeka.

Namna alivyolijaza ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote. Kwanza alipuliza mtutuni kuhakikisha njia ya kifa iko wazi. Akamimina baruti kwa kipimo cha mwanzi, hakukisia kamwe. Akatia nyuzi za gome zilizosokotwa, akazishindilia kwa mdeki, pole lakini kwa uzito uleule kila mara, maana baruti isiyoshindiliwa sawasawa hailii sawasawa. Marisaa zikafuata, kisha nyuzi tena ili zisimwagike mtutu ukiinamishwa. Fataki hakuigusa. "Fataki ni ya mwisho," alisema. "Ukiivalisha umeshaamua." Alitembea saa nzima na gobore lililojaa bila fataki, na sikuwahi kumwona akiivalisha kabla ya kumwona mnyama.

Mtutu laini una heri yake ambayo wajuzi wa bunduki za kisasa huisahau. Ni uleule unaotoa marisaa kwa ndege na risasi moja ya duara kwa nguruwe pori anayemaliza mihogo. Udhaifu wake ni umbali. Risasi ya duara hupita mtutuni kwa nafasi, haizungushwi na chochote, na ikishatoka huyumba. Ukivuka mita hamsini au sitini unabahatisha. Basi mwenye gobore hana budi kukaribia. Babu alikuwa na kijimfuko cha jivu, akikitikisa kidogo kutazama upepo unakokwenda. Alijua kanga hulala kwenye miti gani na hushuka kunywa kwa njia ipi. Alijua nyakati za kongoni kupita, ingawa hakuwa na kibali cha kumpiga na hakumpiga. Ujuzi huo wote ulitoka kwenye ule ufupi wa risasi. Kama angekuwa na bunduki ya kupiga mita mia tatu mara tano mfululizo, sidhani angehitaji kulijua pori kwa kiasi kile.

Asubuhi tuliyowapata kanga tulilala kifudifudi karibu na dimbwi tangu giza. Walishuka kwa kelele, wakatawanyika, na babu hakufanya lolote. Waliingia mahali pa kupigwa, wakatoka, wakaingia tena. Mimi moyo ulikuwa unanienda mbio. Yeye alikuwa anangoja wakusanyike kunywa, maana pigo ni moja. Ndipo akavalisha fataki, akapanda mtambo, na mlio ukalitikisa pori. Moshi mweupe ukafunika kila kitu mbele yetu, mzito, wenye harufu kama ya yai viza. Babu aliinama, akachungulia chini ya moshi, akacheka. Tulikula kanga jioni ile kambi nzima, na mabawa walipewa waliopanda mizinga.

Nililipiga mimi mwenyewe siku iliyofuata. Shabaha ilikuwa kichuguu, na babu alipunguza baruti kwa sababu ya bega langu. Kati ya nyundo kuanguka na mtutu kulia palikuwa na kitambo kidogo mno, na ndani yake nilijua kwamba siwezi tena kurudisha kitu. Kichuguu kilitoka vumbi. Babu alinishika bega akauliza kama limeuma, nikasema halikuuma, naye akaniachia niseme hivyo.

Jioni nilipewa kazi iliyobaki yangu mpaka tuliporudi: kusafisha. Masizi ya baruti nyeusi hula chuma yakiachwa, na dawa yake ni maji ya moto. Niliyachemsha, nikayamimina mtutuni, yakatoka meusi, nikarudia mpaka yakatoka meupe, nikakausha kwa kitambaa kwenye mdeki, nikapaka mafuta ndani na nta ya nyuki nje. Hakuna siku babu alilala kabla ya kupitisha kidole chake mdomoni mwa mtutu kukagua kazi yangu.

Alipofariki, baba mdogo alilipeleka kituo cha polisi kama sheria inavyotaka, kwani kibali kilikuwa cha babu peke yake. Alifanya sawa. Silaha ambazo hazina mwenyewe zimetesa watu wengi Magharibi ya nchi yetu, na tembo wengi wameuawa kwa magobore ya kificho. Lakini nasikitika kwamba magobore yanaposalimishwa huhesabiwa na kuteketezwa pamoja, lile lililotengenezwa jana kwa bomba la maji na lile lenye taji la Uingereza na kitako cha mninga, bila mtu kuuliza. Pale Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuna makumbusho katika tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Ningependa gobore moja la mkulima liwekwe humo, mtutu umezibwa lisiweze kupiga tena, pamoja na mdeki wake, pembe yake, kipimo chake cha mwanzi na kijimfuko cha jivu. Na wazee waliobaki, wanaojua kulijaza, warekodiwe wakieleza kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili kwa nini fataki ni ya mwisho.