Rangi ya Kabati na Adabu ya Kazi



Wengi mliotutembelea hapa Lackawanna mmeniuliza kwa nini kabati letu la vitabu lina mabaka upande mmoja. Leo nitajibu, ingawa jibu lenyewe halinipi sifa.

Kabati hilo tulilinunua likiwa mbao tupu za msonobari, bila rangi wala vanishi, kwani samani za namna hiyo huuzwa kwa bei nafuu na mnunuzi humalizia kazi mwenyewe. Tulitaka mahali pa kuweka misahafu na vitabu vya watoto. Nami nilikuwa na nia ya pili moyoni: lifanane na kabati la marehemu baba yangu, aliyekuwa seremala Ngamiani, Tanga. Lile lilikuwa la mninga, la hudhurungi iliyochanganyika na wekundu. Basi nikanunua rangi ya mafuta, ile inayonywewa na mbao badala ya kukaa juu yake, na nikachagua iliyokoza.

Ilikuwa Januari, na nje theluji imetanda. Nikafanya kazi katika chumba cha chini ya nyumba, madirisha yamefungwa, nikitaka kumaliza jioni ileile. Sikujaribu rangi popote kwanza. Msonobari haunywi rangi kwa usawa: penye ulaini hunywa nyingi na kuwa peusi, penye ugumu hukataa. Upande wa kwanza ukatoka kama ngozi yenye choa. Nikafuta na kufuta, kisha matambara yote nikayarundika katika boksi chini ya ngazi.

Baada ya sala ya Isha mke wangu akaniita: "Baba watoto, mbona chini kunanuka moto?" Nikateremka mbio. Boksi lilikuwa likifuka moshi, wala hapakuwa na mtu aliyewasha chochote. Nikalibeba na kulitupa nje kwenye theluji. Lilipopasuka, ndani mlikuwa mwekundu kama kaa. Watoto wetu watatu walikuwa wamelala juu yake, katika nyumba ya mbao kuanzia sakafu hadi paa. Alhamdulillahi, mke wangu hakuwa amelala bado.

Asubuhi jirani yetu, mzee wa Kiyemeni aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha Bethlehem Steel kabla hakijaacha kufua chuma mwaka 1983, alilitazama shimo jeusi katika theluji. Akasema, "Mwanangu, matambara ya mafuta hayahitaji kiberiti." Akanieleza kwamba mafuta ya kitani, yanayotiwa katika rangi nyingi za aina hii, hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewa, na jambo hilo huzaa joto. Tambara likitandazwa, joto hupotea hewani. Yakirundikwa, joto hujikusanya hadi yanawaka yenyewe.

Hapo nikamkumbuka baba. Kila magharibi aliyaanika matambara yake uani, moja moja, yasigusane. Sisi watoto tulidhani ni ubahili. Nikakumbuka pia kwamba hakupaka chombo chochote kabla ya kujaribu kwenye kipande cha mbao hiyohiyo. Na lile kabati la mninga hakulitia rangi kamwe! Alilipiga msasa, akalipaka mafuta, basi. Rangi ilikuwa ya mti wenyewe. Mimi nilisafiri na rangi ya kabati lake, nikaiacha nyuma adabu ya kazi yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye samani tupu nyumbani, zingatia haya. Kwanza ijue mbao yako, na ujaribu rangi mahali pasipoonekana. Ukitaka msonobari ukoze, upake kwanza dawa ya kupunguza mabaka, au tumia rangi nzito kama jeli, isiyozama sana. Pili, rangi hupamba tu. Kinachokinga mbao na maji na mikwaruzo ni vanishi. Vanishi ya mafuta huongeza umanjano. Ile ya maji haibadilishi sana rangi, hukauka upesi na harufu yake ni ndogo, lakini husimamisha nyuzi za mbao. Basi ilowanishe mbao kidogo mapema, iache ikauke, kisha uipige msasa mwembamba kufuata nyuzi. Tatu, subiri siku za joto, zaidi ya digri 10 za Selsiasi, ufungue madirisha. Nne, na hili usilisahau: matambara ya mafuta yatandaze nje moja moja hadi yakauke kabisa, au yatie katika kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Usiyaache ndani hata usiku mmoja.

Mwezi Mei nilizimalizia pande zilizobaki kwa vanishi ya maji peke yake, na msonobari wake unaanza kugeuka rangi ya asali kwa mwanga wa dirisha. Upande wa mabaka sikuurekebisha. Binti yangu alishauri tuugeuzie ukutani, nikakataa. Nimeuelekeza kwenye ngazi, niuone kila ninapoteremka.

Wabillahi tawfiq.