Hesabu Nayo ni Amana



Ndugu wazazi, leo tumeona tuwasimulie jambo lililotufika sisi wenyewe hapa Buyenzi, Bujumbura, mwaka 2008. Si jambo la kujivunia, lakini tunataraji litakuwa somo kwetu sote.

Wakati huo tulikuwa vijana, tumetoka masomoni karibuni, tukisomesha madrasa ya jioni. Miongoni mwa wanafunzi alikuwepo binti wa miaka 16. Siku moja tulimkuta ameficha daftari la hesabu za shule chini ya juzuu. Tukamnyang'anya, tukamwambia mbele ya wenzake kuwa hayo ni mambo ya dunia na yana wakati wake. Hakujibu neno.

Haukupita muda, jirani mmoja akafariki. Aliacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Baada ya gharama za mazishi na madeni zilibaki faranga 5,400,000, na familia wakatuita tuwagawie. Mafungu yaliyomo katika Suuratun-Nisaa tulikuwa tumeyahifadhi barabara: mke thumuni kwa kuwa marehemu ana watoto, mabinti wawili thuluthi mbili, baba sudusi na mama sudusi. Tukachukua kikokotoo. Mke 675,000. Mabinti 3,600,000. Baba 900,000. Tulipofika kwa mama, zilikuwa zimebaki 225,000 tu. Badala ya kusimama na kujiuliza, tuliona haya mbele za watu, tukampa bibi kile kilichobaki. Akapokea kwa mikono miwili, akasema alhamdulillaah.

Baada ya miezi miwili tulikuwa tukisomesha faraidhi, tukatoa mfano ule ule bila kumtaja mtu. Yule binti akanyoosha mkono.

"Samahani Ustadhi, haya mafungu hayaingii."

"Hayaingii vipi?"

"Ukiyajumlisha yanapita moja."

Tukampa chaki. Akageuza yote yawe sehemu za 24: thumuni ni 3, thuluthi mbili ni 16, sudusi ni 4, na sudusi ya pili ni 4. Jumla 27. Akasema, "Mali imekatwa vipande 24, nasi tunataka kugawa vipande 27." Kisha akainama, maana alidhani ametuvunjia heshima.

Kumbe jambo hilo lina jina, na jina lenyewe tulikuwa tumelihifadhi: 'aul. Tuliweza kulitamka na kulieleza, lakini hatukuwahi kulifanya kwa mkono wetu hata mara moja. Mafungu yakizidi mali, asili ya mas'ala hupandishwa. Badala ya kugawa kwa 24 unagawa kwa 27, na kila mrithi anapungukiwa kwa kiasi cha fungu lake, asiangukiwe mmoja peke yake. Mas'ala hii inajulikana kwa jina la Mimbariyya, kwani imepokewa kuwa Sayyidna Ali (Radhiya Allaahu 'anhu) aliulizwa akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya tisa. Na ndivyo: 3 katika 27 ni 1 katika 9.

Usiku ule usingizi ulitupaa. Kwa hesabu sahihi kila kipande ni 200,000: mke 600,000, mabinti 3,200,000, baba 800,000, mama 800,000. Bibi alikuwa amepunjwa 575,000, na aliyempunja ni sisi. Kesho yake baada ya Isha tukaenda kwa familia tukakiri mbele ya wote. Bibi akatuambia maneno ambayo mpaka leo yanatuchoma: "Mwanangu, niliona ni kidogo, lakini nilidhani ndivyo Mwenyezi Mungu alivyosema."

Baba wa marehemu alirudisha 100,000. Fungu la mabinti lilikuwa bado mikononi mwa ami yao, likatolewa 400,000. Mjane alikuwa ameshanunua vitenge vya biashara, basi zile 75,000 zake tukazilipa sisi kwa miezi mitatu. Na yule binti tukamrudishia daftari lake mbele ya darasa lile lile, tukamwomba radhi.

Baadaye alikwenda chuo kikuu kusoma hisabati. Likizo ya kwanza alikuja kutuamkia akiwa mnyonge. Mtihani wa kwanza ulikuwa umemshinda. "Shuleni nilihifadhi kanuni, Ustadhi, na nikapata alama. Kule hawataki jibu tu, wanataka uthibitishe kwa nini ni kweli." Tukacheka pamoja, kwani huo ndio ugonjwa uliotufikisha kwa bibi. Alianza upya, akamaliza, na leo anasomesha sekondari.

Ndugu wazazi, watoto wetu wana mzigo. Darasa za mwanzo husoma hesabu kwa Kirundi, kisha kwa Kifaransa, nyumbani Kiswahili, madrasa Kiarabu. Mtoto anaweza kujua thumuni jioni na asijue kuwa ni ile ile "huitième" ya asubuhi. Nani atamuunganishia kama si sisi? Maneno nusu, robo, thuluthi, sudusi na thumuni yapo katika lugha yetu, na ndiyo mafungu ya mirathi. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha al-jabr huko Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mas'ala ya wasia na mirathi. Hakuona ukuta baina ya ubao wa shule na haki ya mjane.

Basi mtoto akiwa na kazi ya hesabu, mpeni nafasi na taa. Akikupa jibu, muulize amelipataje. Na akikusahihisha mbele za watu, msikilize kwanza, haya yatapita. Sisi sasa hatugawi mirathi mpaka tumejumlisha mafungu yote na mtu wa pili amehakiki, hata akiwa mwanafunzi wetu.

Allaah atusamehe tulipokosea, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.