Mwezi Mweusi Chini ya Kiwambo

Ukichinja mbuzi na kumpasua, utakuta nyama nyembamba iliyotandikwa kati ya mapafu na ini. Katika mwili wa mtu imo vile vile, nayo huitwa kiwambo, kwa kuwa imewambwa kama ngozi ya ngoma. Tukivuta pumzi hushuka, tukitoa hupanda. Ikishtuka ghafula, ndiyo kwikwi. Wengi hawafikiri kwamba mashine ya radio, ambayo wengine huiita eksirei, yaweza kukionyesha kiwambo hicho. Kumbe yaweza, na mara nyingine mstari wake ndio unaoamua nani apasuliwe usiku ule ule.

Hayo niliyaona hapa Mususa. Kijana mmoja wa mtaa wetu alikuwa na homa kwa majuma mawili na zaidi, kisha siku moja tumbo likamkata kwa ukali, likawa gumu kama ubao. Jamaa wakasema: amelishwa sumu, apewe dawa ya kutapisha. Mjomba wake alikataa katakata. Tukampakia juu ya pikipiki, mimi nyuma nikimshika.

Kule hospitali fundi wa radio aliagiza mgonjwa aketishwe wima kama dakika kumi kabla ya picha. Mjomba akawaka: "Mtoto hawezi hata kulala vizuri, nanyi mnamketisha kama mtu wa kunywa chai!" Muuguzi akamjibu, "Vumilia, baba. Tunangojea hewa ipande."

Jibu hilo lilinishangaza, nikamwuliza daktari baadaye. Tifoidi, yaani homa ya matumbo, hula utumbo mwembamba, hasa sehemu yake ya mwisho, na mara nyingi katika juma la tatu ndipo huweza kuutoboa. Hewa iliyokuwamo hutoka. Mtu akiwa wima, hupanda mpaka chini ya kiwambo na kukaa pale. Katika picha kiwambo huonekana kama matao mawili, la kuume likizidi kidogo la kushoto. Chini ya tao la kuume liko ini, jeupe. Basi hewa ikiingia hapo hufanya mwezi mwandamo mweusi. Upande wa kushoto hudanganya, kwa sababu mfuko wa chakula una hewa yake siku zote. Na mgonjwa akipigwa picha amelala chali, mwezi huo kwa kawaida hauonekani.

Mwezi wa kijana wetu ulikuwa mwembamba kama ukucha. Alipasuliwa usiku huo, tundu likapatikana, likashonwa, akapona. Habari ya sumu haikutajwa tena, walau si mbele ya mjomba.

Msidhani ni jambo la nadra. Mjini Kinshasa, mwishoni mwa 2004 na mwanzoni mwa 2005, watu zaidi ya 42,000 walihesabiwa kuwa na tifoidi, na karibu 700 kati yao walitoboka utumbo au kuoza ndani ya tumbo.

Kiwambo husema na mengine. Tao la kuume likiinuka mno, pengine ini lina jipu la amiba. Mtu aliyegongwa na pikipiki, nanyi mnazijua pikipiki za Butembo, aweza kupasuka kiwambo, mara nyingi kushoto kusikolindwa na ini. Hapo matumbo huonekana kifuani, mahali pa mapafu. Ekografia nayo hukionyesha kiwambo kikishuka na kupanda, wala haitumii mionzi. Lakini picha isiyo na mwezi haitoshi kusema utumbo ni mzima. Daktari hulipapasa tumbo kwa mkono wake vile vile.

Je, mgonjwa asiyeweza kuketi? Hulazwa ubavu wa kushoto, kuume juu, na mionzi hupitishwa kwa upande. Huko nako hewa hungojewa. Jamaa akihitajika kumshika wakati wa picha, avae lile vazi zito la risasi, maana yake madini, si ya bunduki; na mwanamke mwenye mimba akae nje, amwachie mwingine kazi hiyo.