Kumfuata Shahidi Tosamaganga

Daladala kutoka Iringa mjini ilipanda kilima, na kwa mara ya kwanza nikayaona majengo ya misheni ya Tosamaganga, iliyolelewa miaka mingi na wamisionari wa Consolata. Baba mdogo, niliyemsindikiza kutoka Mbeya, macho yake yalikuwa kwenye bahasha yenye wito wa shahidi. Tulimfuata mzee mmoja aliyemsikia babu akitamka wosia wake.

Kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua 4: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Sisi tulikuwa na watatu. Kila tulipofika mahakamani shauri lilitajwa, likaahirishwa, tukapewa tarehe nyingine. Huku nyuma shamba halikugawanywa, na kila aliyetaka kupanda aliambiwa angoje.

Shauri la namna hii mahakama zetu huliita la mlundikano. Halihesabiwi hivyo kwa kuwa tu halijaisha, bali kwa kupita muda wake: miezi 6 katika Mahakama ya Mwanzo, 12 katika Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, 24 katika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Nyuma ya vipimo hivyo ipo Katiba, Ibara ya 107A, inayozitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya kimsingi. Letu lilikuwa limeshavuka miezi 6.

Tulimkuta mzee uani akipukuchua mahindi.

"Kamwene, baba," tukamsalimu.

"Kamwene. Karibuni, wanangu."

Alifuta mikono, akavaa miwani, akausoma wito taratibu hadi kwenye muhuri. Kisha akamtazama baba mdogo.

"Mimi nipo hapa siku zote. Mbona hakuna aliyekuja?"

Wito wa awali, uliopitia mikono mingi, haukuwahi kumfikia.

Mahakimu wana wajibu wao, na tuwadai. Lakini mlundikano hukua pia pale shahidi anaposubiriwa bila kufuatwa. Ndugu msomaji, kama una shauri, jua shahidi wako anaishi wapi na hakikisha wito umemfika mkononi. Muda ukipita, nenda kwa hakimu mfawidhi ukaulize sababu. Ni haki yako.