Mlango wa Bibi Magda huko Le Chambon

Kusini ya Ufaransa, mbali na bahari, iko nchi ya juu yenye misitu ya misonobari na baridi kali. Huko, kwenye kimo cha mita 1000 hivi, kando ya mto Lignon, kipo kijiji kiitwacho Le Chambon-sur-Lignon. Nyumba zake ni za mawe, maana theluji na upepo wa kule havina huruma. Juu ya mlango wa kanisa yameandikwa maneno ya kuwaagiza watu wapendane. Wenyeji wengi walikuwa Waprotestanti, ambao mababu zao waliudhiwa na wafalme kwa ajili ya dini yao, hasa baada ya mwaka 1685. Basi habari za kuwindwa na kujificha hazikuwa ngeni kwao.

Mwaka 1934 alifika huko mchungaji André Trocmé, pamoja na mkewe Magda na watoto wao wanne. Magda alizaliwa mwaka 1901 mjini Florence, Italia. Hakupenda kujionyesha mtu wa dini sana, alipenda kazi. Alilea watoto, alipokea wageni, tena alifundisha Kiitalia shuleni.

Mwezi wa Juni 1940 Ufaransa ilishindwa na Wajerumani, na serikali ya Vichy ikaanza kuwaonea Wayahudi. Majira ya baridi yaliyofuata, mtu alibisha hodi nyumbani kwa mchungaji. Magda akafungua, akaona mwanamke Myahudi aliyekimbia Ujerumani, amelowa theluji, anatetemeka kwa baridi na hofu. Akamwingiza mara moja, akamketisha jikoni, akampa chakula. Viatu vyake vikawekwa penye moto vikauke, kumbe vikaungua! Ikambidi Magda azunguke kijijini akitafuta viatu vingine.

Alikwenda pia kwa meya kumwombea mgeni wake vyeti. Meya akakataa, akataka mama yule aondoke upesi. Basi mgeni akaenda zake katika baridi ile ile. Jambo hilo lilimwuma sana Magda. Tangu hapo alijua kwamba mwenye kutaka kumwokoa mtu asingoje ruhusa ya wakubwa.

Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Le Chambon wageni walikaa miezi, hata miaka. Walifichwa katika mashamba, katika nyumba za wageni na katika mabweni ya watoto. Polisi walipokaribia, habari ilitangulia, nao wakakimbilia misituni. Kila siku walitakiwa kupatiwa kitanda, mkate, kadi ya chakula na cheti chenye jina la bandia. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Magda na ya akina mama wengi wa kijiji. Maelfu ya wakimbizi, wengi wao Wayahudi, walipata hifadhi katika nchi ile ya juu.

Mwezi wa Februari 1943 polisi wawili walikuja kumkamata mumewe. Magda alikuwa akiandaa chakula cha jioni, akawakaribisha nao mezani. Watu walipomshangaa baadaye, yeye hakuona ajabu: ilikuwa saa ya kula. André alifunguliwa baada ya majuma machache. Lakini jamaa yake, Daniel Trocmé, aliyekuwa mlezi wa wanafunzi, alikamatwa mwezi wa Juni pamoja na baadhi yao. Alikufa mwaka 1944 katika kambi ya Majdanek, Poland. Ukarimu ule ulilipiwa kwa damu.

Mwaka 1990 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli iliwapa heshima watu wa Le Chambon na vijiji jirani. Bibi Magda alifariki mwaka 1996. Nyumba ya kumbukumbu ilifunguliwa kijijini mwaka 2013, na msafiri aweza kuitembelea. Lakini asitazamie kuona ngome wala silaha. Vita ya watu hao ilipiganwa kwa sufuria, mablanketi na mlango uliofunguliwa. Vitu hivyo, ndugu msomaji, viko nyumbani kwetu pia.